Tangi Halikatwi

Tarehe 4 Februari

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Kabla ya yote nipe hali yako. Miguu inaendeleaje, maana nasikia hapo mizani ya malori mnasimama juani kutwa mkikagua magurudumu ya watu. Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto linanisumbua nikisimama sana kusuka, lakini wateja ndiyo kwanza wanaongezeka, sasa nifanyeje, nimfukuze mtu kwa kosa la kunipenda? Binti yangu mkubwa amejifungua salama. Mtoto ana paji la marehemu baba, pana kama sahani, na akilia utafikiri kaja kudai urithi. Wifi yangu msalimie sana, mwambie nywele zake nazisubiri.

Simu yako kila nikiipiga naambiwa hupatikani, na nikikupata unakatika katikati ya neno. Ndiyo maana naandika. Barua ataileta Kobe, yule dereva wa trela la chini la kubebea mitambo, anayeendesha polepole mpaka kuku wanampita.

Sasa kaa vizuri nikueleze habari za mpwa wako. Kitindamimba wangu, yule mliyesema atakuwa mvivu kwa sababu alichelewa kutembea, amejenga tangi. Nikisema tangi usifikirie pipa. Hospitali iliyo ng'ambo ya mto imempa kazi ya tangi la maji ya kunywa, la wagonjwa wote na wazazi wa wodini, na amelimaliza. Limesimama hapa uani kwangu, limelipita paa la nyumba. Kachomelea mwenyewe kila mshono, na ndani kalipaka ile rangi maalumu ya maji ya kunywa, nyeupe kama sahani mpya. Watu wanatoka mitaa mingine kuja kuliangalia. Nimewawekea benchi. Wateja wangu wanawahi saa nzima kabla ya zamu zao ili wakae kivulini kwake, na mimi nikisuka nawaelezea. Fundi mmoja mkubwa alilizunguka, akaligonga gonga, akaondoka bila kusema neno. Unajua mtu akinyamaza namna hiyo maana yake nini.

Kilichobaki ni kulipeleka. Kobe kalipima, akakuna kichwa. Anasema ni pana kupita barabara inavyoruhusu, na njia ya hospitali inapita hapo kwenu. Nikamwambia, Kobe, tulia, mizani ni ya mdogo wangu. Lango langu halitoshi kulitoa, lakini hilo nitalibomoa mwenyewe, halina mjadala.

Kwa hiyo sikuombi makubwa. Siku ukiliona tangi linakuja, tazama upande mwingine kidogo, kama mtu aliyeingiwa na vumbi jichoni. Vumbi likiisha sisi tumeshapita.

Nijibu upesi.

Dada yako, mama wa fundi


Tarehe 27 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako ilifika mkononi kwa Kobe, akaisimamia mpaka nikaifungua, kana kwamba ni yake. Tumefurahi sana kwa mtoto. Mke wangu anasema paji la baba si jambo la kumwombea binti wa watu, lakini anacheka. Hapa jua ni kali kweli. Miguu ipo. Mwanangu amepona malaria na amerudi shule.

Kuhusu tangi, namsifu fundi kwa moyo wote. Kobe kanionyesha picha. Ni kazi ya mtu mzima.

Kuhusu vumbi jichoni, dada, sina.

Naomba nikueleze taratibu zilivyo, maana naona Kobe alikueleza nusu. Mzigo ukizidi upana wa njia yake, hautembei mpaka uwe na kibali. Kibali kinataja njia utakayopita na upana wako wote, kuanzia kinachochomoza zaidi upande huu mpaka kinachochomoza zaidi upande wa pili. Kunatakiwa gari la kutangulia na gari la kufuata, yote yakiwaka taa za njano, na bendera nyekundu kwenye pembe za mzigo. Unatembea mchana tu. Watu wa umeme wanainua nyaya, askari anafunga daraja. Mizani mnapimwa tena. Na kubwa kuliko yote: kibali hakitolewi kwa mzigo unaoweza kugawanywa. Kama unaweza kwenda vipande vipande, uende vipande vipande.

Hapo ndipo naona ugumu. Fundi aliniambia mwaka jana kwamba walikubaliana na hospitali apeleke mabati yaliyokatwa, akaliunge tangi huko huko. Sijui ilikuwaje likaungwa uani kwako, karibu na benchi. Siulizi.

Jambo la mwisho. Ukiwa unasuka, tafadhali usiwaambie watu kwamba mizani ni yangu. Ni ya serikali, na madereva hapa wananiita Mzee Futi kwa sababu sina kingine zaidi ya futi ya kupimia.

Nakuheshimu sana, dada. Usikasirike.

Mdogo wako, wa mizani


Tarehe 10 Machi

Mdogo wangu,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Mjukuu anaongezeka, mashavu kama maandazi. Goti ni lile lile. Mvua imenyesha na tangi halikuvuja wala halikutoa sauti, limesimama tu kama bwana harusi.

Sikukasirika. Mimi huwa sikasiriki. Nilisoma barua yako, nikaikunja, nikaiweka chini ya mto, nikaitoa tena nikaisoma, ndipo nikavaa viatu nikaenda ofisi ya vibali mwenyewe. Mimi na kitindamimba wangu, yeye kabeba michoro, mimi nimebeba mdomo.

Karani wa pale ni mtu mwenye heshima zake, sitamsema vibaya. Akatazama michoro, akatazama picha, akasema, "Mama, hili ni chuma. Chuma kinakatwa. Likateni vipande viwili, mpeleke safari mbili, mkaliunge huko. Kibali hamhitaji."

Nikamwambia, "Na wewe tukukate vipande viwili upite mlangoni kwa raha?"

Mwanangu akaniminya mkono. Karani akacheka kidogo, kisha akaacha. Akasema, "Mama, utaratibu ni utaratibu."

Basi nakuandikia wewe uliye mtu wa utaratibu, ulisikie kwangu. Tangi halikatwi. Hakuna grainda ya kukatia chuma itakayogusa mshono wa mwanangu. Ukilikata, ule moto wa kukatia na wa kuchomelea upya unaunguza rangi ya ndani, kutu inaanza pale pale, na wagonjwa wanakunywa maji mekundu. Mwanangu kanieleza na mimi nimeelewa, na kama mimi nimeelewa karani naye angeelewa angetaka. Wanasema barabara ni ya umma. Mimi ni nani kama si umma? Nimeikanyaga barabara ile kabla haijawekwa lami, nikiwa nimekubeba mgongoni wewe mwenyewe unayeniandikia habari za bendera.

Kuhusu kwa nini limejengwa hapa uani: mabati yalikuja siku ya jua kali sana, na watoto wote hawajambo.

Kuhusu wateja: mimi huwa sisemi kitu. Watu wananiuliza, nami siwezi kujifanya bubu kwenye kibanda changu mwenyewe. Juzi nilimsuka mke wa meneja usafirishaji wa kile kiwanda cha saruji. Anataka zile nyembamba nyembamba, kwa hiyo tulikaa kutwa. Mwanamke mpole, anasikiliza vizuri, ananiuliza hili na lile, mdogo wako yuko pale mizani siku zote? anakusaidia? Nikamwambia mdogo wangu hajawahi kuninyima kitu. Si kweli? Hujawahi, isipokuwa sasa.

Mpango wangu ni huu. Lango nimeshalibomoa. Jumapili moja alfajiri, barabara ikiwa tupu, Kobe analiweka kwenye trela tunatoka. Nani atatuona? Kabla hamjavaa viatu sisi tuko ng'ambo.

Dada yako, mama wa fundi


Tarehe 19 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Sisi wazima. Mke wangu ameanza biashara ndogo ya sabuni za maji, inakwenda vizuri. Mtoto kaota meno ya utu uzima, anauma kila kitu.

Barua usizipeleke tena mizani. Zilete mjini, ghala la idara, dirisha la nyuma. Niko hapa sasa. Nagawa rangi ya mistari ya barabara na zile koni za plastiki. Kuna kivuli.

Kuhusu Jumapili, nakuomba usithubutu, na nasema hivi nikiwa nimepiga magoti. Lile tangi litajaza daraja lote, kingo kwa kingo. Anayetoka upande wa pili kwa baiskeli alfajiri, kabeba mtu nyuma, hana pa kwenda isipokuwa mtoni. Kwa ajili hiyo daraja linafungwa kwanza na askari. Hakuna mtu aliyekaa ofisini akawaza amkomoe mama wa fundi.

Lakini kuna jambo sikulieleza vizuri mara ya kwanza. Kanuni inasema mzigo usioweza kugawanywa bila kuharibika. Ulivyoeleza habari ya rangi ya ndani, umeeleza vizuri kuliko unavyojua. Fundi aliandike hilo, aombe mkaguzi aje hapo uani aingie ndani ya tangi aone kwa macho yake. Ni haki ya yeyote, si ndugu wa mtu. Asipeleke kwa karani, apeleke kwa mhandisi mkaguzi. Na asitaje jina langu popote.

Mdogo wako


Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Mke wako nampongeza kwa sabuni, aniletee za kuoshea nywele za wateja, nitamtangaza mpaka achoke. Mjukuu anakaa mwenyewe. Kaka wa mume wangu alikuja kututembelea, akala, akalala, akasema tangi linamnyima usingizi kwa jinsi linavyong'aa, akaongeza siku mbili.

Jumapili hatukwenda. Si kwamba niliogopa. Kobe alikataa. Alisoma barua yako, maana niliiacha mezani, akasema, "Mama fundi, mimi daraja lile nalijua, kwa baiskeli nilipita hapo miaka mingi." Akaenda zake polepole.

Tukafanya ulivyosema. Mkaguzi akaja, ni binti, kavaa buti za mpira, hana maneno mengi. Nilimkaribisha, nikaanza kumweleza habari za tangi tangu mwanzo, akasema, "Mama, naomba taa." Akaingia kwa mdomo wa juu, akakaa humo ndani muda mrefu mpaka nikadhani kapenda kuishi humo. Tukawa tunasikia anagonga tu. Mwanangu alikuwa anatembea huku na huku kama mume aliye nje ya wodi ya wazazi. Alipotoka, goti lake lina weupe wa vumbi, akamwambia, "Nani alikufundisha kupaka hivi?" Mwanangu akasema alijifunza kwa kuharibu. Binti akaandika, akasema, "Likikatwa si la maji ya kunywa tena. Linakwenda zima."

Mdogo wangu, nilitaka kumsuka hapo hapo bila kumdai kitu.

Kwa hiyo kibali tunacho. Kina masharti mengi kuliko ndoa. Magari mawili ya taa, bendera, watu wa umeme, askari, mchana tu, mwendo wa Kobe. Safari ni mwezi ujao.

Sasa tuzungumze. Nilimuuliza Kobe, mbona mdogo wangu ananiandikia kutoka ghalani? Mtu wa miaka yote mizani, leo anagawa koni? Kobe akatazama viatu vyake. Nikamwambia hutoki hapa mpaka useme, na chai sitakupa. Akasema.

Kwamba ulikuwa unayazuia malori ya saruji kwa uzito, moja baada ya jingine. Kwamba meneja wao alikwenda kwa wakubwa wako akasema, huyu anatubana sisi, kumbe kamwekea dada yake njia ya bure, mtaa mzima unajua, muulizeni msusi. Kwamba walikuita ukaulizwa, na ukasema dada yako hajapita na hatapita bila kibali, na hawakuandika ulichosema. Na kwamba tangu siku hiyo malori ya saruji yanapita njia ya pembeni, hayagusi mizani.

Hukuniandikia. Umeniandikia habari za meno ya mtoto. Umeniandikia kuna kivuli.

Yule mke wa meneja alirudi kusukwa upya. Nilimpokea vizuri. Nilimkaza mpaka nyusi zikapanda. Aliniuliza habari za mdogo wangu, nikamwambia, "Kichwa mbele, mama, usigeuke."

Dada yako


Tarehe 21 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Hongera kwa kibali. Mwambie fundi nimejivunia. Sabuni za nywele zinakuja, mke wangu ameweka chupa za kutosha kwenye boksi, mpokee Kobe.

Hayo mengine Kobe ameongeza chumvi. Mtumishi huhamishwa. Ghalani nimepanga koni vizuri, sasa zinahesabika. Mke wangu anawaambia watu kwamba siku hizi nalala mapema. Ni kweli nalala mapema.

Yule mama wa saruji usimkaze. Hakujua anachobeba.

Nakuomba kitu kimoja tu. Siku ya safari, fuateni kibali, mpite, mwende zenu. Usisimame mizani kuzungumza na mtu yeyote habari zangu. Usinitetee. Tangi likifika zima hospitali, kwangu inatosha.

Mdogo wako


Tarehe 12 Juni

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu,

Marahaba, na wote wazima, na sabuni zimeshaisha, alete nyingine. Leo sina habari za watoto. Nakupa safari yote.

Tuliondoka asubuhi jua limeshapanda. Kreni ililiinua tangi uani, na mtaa mzima ukatoka kuangalia, hata yule kaka wa mume wangu aliamka. Likatua kwenye trela la Kobe kama yai. Gari la taa mbele, gari la taa nyuma, ubao mkubwa umeandikwa MZIGO MPANA, bendera nyekundu pembe zote nne. Mimi nilikaa gari la mbele. Kibali hakikukataza. Watu wa umeme walikuwa na miti yao mirefu, wanainua waya, tunapita chini yake, wanaushusha. Watoto wa shule wametoka madarasani, walimu wao nyuma yao wanajifanya wanawarudisha. Sikupunga mkono sana.

Tukafika mizani. Mkuu mpya wa zamu akatoka, shati limepigwa pasi, anapunga mkono kabla hata hatujasimama. "Piteni, piteni. Kibali mnacho, msinifungie njia."

Kobe alishaanza kuachia breki. Nikashuka.

"Hamtupimi?"

"Mmepimwa huko kwenu, mama. Pita."

"Kibali kinasema tupimwe hapa."

Akaniangalia vizuri. "Wewe ndiye dada yake Mzee Futi?"

"Ndiye."

"Basi si vizuri? Tunakupa njia."

"Hiyo njia ndiyo siitaki," nikamwambia. "Walisema ndugu yangu ameniwekea uchochoro. Leo yeye hayupo na uchochoro ninapewa na nyinyi. Leta futi."

Kobe akachungulia dirishani. "Mama fundi, hivi unatafuta nini? Mtu kakuruhusu, wewe unabisha." Kisha akashuka, akanivuta pembeni, akaninong'oneza neno moja. Ngazi.

Nikueleze. Ubavuni mwa tangi kuna ngazi ya chuma ya kupandia, imechomoza. Ilichomelewa kwenye vishikio vifupi vya nje vilivyokuwepo kabla ya rangi, baada ya mkaguzi kupima na kuondoka. Nani alisema ichomelewe ili tangi litoke vizuri kwenye picha, hayo tuyaache. Upana wa kwenye kibali hauijui ngazi hiyo. Mwanangu akaja, akaitazama ngazi, akanitazama mimi. Naye alishajua.

Mdogo wangu, hapo mdomo ulinikauka, na mimi unanijua. Tukipita tu, tangi linafika leo. Likipimwa likazidi, tunarudishwa nyumbani, tunaanza upya kwa yule karani, na yeye dawa yake ni ile ile, likateni. Nilimtazama mwanangu. Akasema, "Mama, ni mjomba." Basi, hayo tu.

Nikamwambia mkuu wa zamu, "Pimeni."

Wakapima. Akaita hesabu, akapima tena. Limezidi, kwa upana wa kiganja. Akasema kwa furaha kabisa, "Haya, ulitaka sheria, sheria hiyo. Halipiti. Geuzeni."

Sasa ageuze nini? Trela limeziba kila kitu, njia kubwa na ile ya pembeni. Na nyuma yetu, nani wamepanga foleni? Malori ya saruji, yamejaa mpaka matairi yamelala. Honi zikaanza. Madereva wakashuka, mmoja akanifokea, "Mama, sisi tuna kazi."

"Na mimi nina kazi. Subiri zamu yako, nawe utapimwa."

Yule askari wetu wa kusindikiza alikuwa anatafuna kijiti tangu asubuhi. Akayatazama malori, akayatazama matairi. Akamwuliza mkuu wa zamu, "Kilichozidi ni nini?"

"Ngazi."

"Ngazi inatoka?"

Mwanangu akasema, "Ngazi inagawanyika." Akafungua sanduku lake akatoa grainda. Umeme tukaomba ofisini kwao, waya haukufika vizuri, ikabidi mtu ausimamie usichomoke. Nikausimamia mimi. Ndiyo, mimi niliyekuandikia hakuna grainda. Mshono wa tangi hakuugusa, alikata vile vipande vya kushikilia ngazi tu, nje kabisa, cheche zinaruka mpaka kwenye viatu vya mkuu wa zamu. Ngazi ikashuka, Kobe akaifunga juu ya trela.

Nikasema, "Pimeni tena."

Wakapima. Sawa sawa na kibali. Nikamtaka asome kwa sauti. Akasoma. Nikamwambia aandike pia kwamba mwenye mzigo ni dada wa Mzee Futi na hakuna ndugu aliyempa njia. Akasema hapana mahali pa kuandika hilo. Basi nikawasemea waliokuwepo, na walikuwa wengi, honi zote zimenyamaza. Nilisema mara mbili, ya pili kwa wale wa nyuma.

Tulipoondoka, yule askari alibaki kwanza. Alisimama mbele ya lori la kwanza la saruji, akalionyesha mizani kwa kidole. Sikuona mwisho wake. Alitukuta darajani baadaye akitabasamu peke yake.

Darajani walifunga pande zote. Niligeuka nyuma nikaona tangi linavyopita katikati ya kingo, mkono hauingii. Upande wa pili alisimama mtu na baiskeli, kambeba mkewe mjamzito nyuma, wanasubiri tupite. Nilimtazama yule mwanamke mpaka tukampita.

Tangi limesimama hospitali, zima. Walilijaza siku ya pili yake. Ngazi mwanangu ataifunga kwa boliti huko huko, kwa sasa wanapanda kwa ngazi ya kuazima ya mpaka rangi. Muuguzi mkuu alifungua bomba, akajaza glasi, akaishika juani, akainywa yote mbele yetu.

Uliniambia nisisimame wala nisikutetee. Nilisikia. Mdomo wangu naujua ulichokufanyia, na sitaandika zaidi ya hapo, kwa hiyo usiniulize. Wakija kukuuliza wewe, wajibu.

Dada yako, mama wa fundi


Tarehe 30 Juni

Dada yangu,

Shikamoo. Sisi wazima. Mtoto kang'oa jino jingine la utoto. Sabuni zinakuja.

Juzi mkuu wa idara aliniita ofisini. Alikuwa na meneja wa saruji pembeni yake na karatasi nyingi mezani. Hakunikaribisha kiti. Akaniuliza, "Ni kweli dada yako aliifunga barabara kuu asubuhi nzima?"

Nikavuta kiti mwenyewe, nikakaa.

"Hapana, mzee," nikamwambia. "Alikuwa anapimwa."

Mdogo wako, Futi